Naomba ushauri: laptopu ya gemu yenye kadi ya picha ya RTX 3060 kwa 65,000, ninunue au niiache?

Asalaam aleikum wajuzi. Hapa Malindi kuna laptopu ya mtumba: prosesa ya Core i7-11800H, RAM 16GB, RTX 3060 ya 6GB, shilingi 65,000. Bei tamu, na utamu huo ndio unaonitia shaka.

Kwanza wati. RTX 3060 za laptopu hazilingani. Mtengenezaji huipangia kati ya wati 60 na 115, na stika ni ile ile. Amri ya nvidia-smi -q -d POWER inaonyesha kikomo cha wati 80. Lebo ya chini inataka chaja ya wati 230, lakini anayoitoa muuzaji ni ya 120. Chaja ndogo haionekani tatizo ukiwa kwenye eneokazi tu; gemu ikianza kula moto, betri huchangia, kisha kasi hushuka.

La pili ni chumvi, na pwani hii mnaijua. Ukimulika tochi kwenye matundu ya nyuma, mapezi ya shaba ya kupozea yana ukoga wa kijani na skrubu mbili zimeshika kutu. Dakika 20 za gemu, prosesa inagonga 98°C wakati mwisho wake ni 100. Feni zinazunguka vizuri.

Je, ni pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo) iliyokauka tu, au bomba la kupozea limeliwa na kutu likavuja? Kuna njia ya kutofautisha kabla ya kulipa? Na kwa chaja isiyo yake, nishuke hadi ngapi: 50,000?