Ulinganisho: mitungi ya poda, CO2 au povu kwa karakana ya mbao Nyakato?

Randa_Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia karakana ya samani huku Nyakato, Mwanza, tuko watu kumi na mmoja. Tuna mashine ya kuranda, msumeno wa duara, chumba cha kupigia vanishi, kona ya kuchomelea fremu za vyuma, na nyuma kuna jiko la gesi ambapo dada anatupikia. Mtungi wa kuzimia moto ni mmoja tu, wa poda kilo 6, na mshale wa geji umelala kwenye nyekundu.

Mwezi uliopita cheche ya kuchomelea iliangukia maranda. Kijana akawahi na ndoo ya maji, ukazimika. Usiku ule sikupata usingizi. Sasa bosi ametoa hela ya mitungi minne. Yeye anataka yote iwe ya poda, anasema inazima kila kitu. Muuzaji mjini anasema nichanganye na CO2 (hewa ya kaboni dioksidi) na povu. Nani yuko sahihi? Ningependa nisikie kwa mliowahi kuishika mitungi hii mkononi.

Fundi_Igoma
Bosi wako hajakosea sana, mkuu. Poda ya ABC inafaa kwa mbao, nguo na karatasi (daraja A), kwa petroli, thina na vanishi (B), na kwa gesi (C). Hata penye umeme unaweza kuipiga. Ukiniambia ninunue mmoja tu, nachukua huo.

Ila mimi ni fundi umeme na nimefungua paneli iliyopigwa poda. Ile poda inaingia kila upenyo, inavuta unyevu, baada ya muda shaba inaota kutu ya kijani. Moto ulikuwa wa swichi moja, hasara ikawa ya paneli nzima. CO2 inazima na kupotea, haiachi kitu. Kwenye bodi ya umeme na mota weka CO2, na kabla ya yote shusha meni swichi kama unaifikia salama.

Ubaya wake: kwanza, haina geji, kujua kama imepungua ni mpaka uipime kwenye mzani ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye mtungi. Pili, ile pembe ya kutolea hewa inapata baridi kali mno, ukiishika kwa kiganja inaunguza ngozi kama barafu. Shika mpini wake. Tatu, kwenye chumba kidogo kilichofungwa inasukuma hewa mnayovuta. Ukishazima, toka.

Mama_Sato_Mwaloni
Kaka, usisahau hapo kwa dada anayepika. Nakaanga sato Kirumba miaka mingi. Siku moja mafuta yalishika moto, msaidizi wangu akachota maji. Nilimpigia kelele na akasimama, namshukuru Mungu mpaka leo. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yanageuka mvuke hapohapo, na mafuta yanaruka juu yakiwa yanawaka.

Nilifunga gesi, nikachukua sinia kubwa nikalisukuma polepole kutoka upande wangu mpaka likafunika karai lote. Halafu sikufunua. Nilikaa karibu nusu saa nikilitazama sinia tu, kwa sababu mafuta yakiwa bado na moto ndani, ukifunua yakapata hewa, yanawaka tena. Mtungi wa poda ninao, lakini ukiupiga kwa karibu unarusha mafuta nje ya karai. Mnunulie dada blanketi la kuzimia moto, na liwe karibu na mlango, lisining'inie juu ya jiko.

Mzee_wa_Kinu
Nimefanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kwa hiyo nitasema la maranda. Robota la pamba likishika moto unalipiga poda, mwali unakufa, watu wanashangilia. Baada ya saa mbili moshi unatoka tena katikati. Poda inaua mwali lakini haipoozi. Moto uliojificha ndani unaendelea kula taratibu.

Maranda na vumbi la mbao ni hivyohivyo. CO2 huko ndiyo usiiguse kabisa, kishindo chake kinapeperusha maranda yanayowaka na kuyatawanya. Chombo chake ni maji au povu, kisha unachukua reki unayatandaza na kuyalowesha mpaka yapoe. Yule kijana wako mwenye ndoo alifanya sawa.

Randa_Nyakato
Shikamoo mzee. Kwa hiyo povu linatosha hata chumba cha vanishi?

Mzee_wa_Kinu
Marahaba. Povu linafaa vizuri, linatandaza utando juu ya kimiminika kinachowaka na mvuke unakosa pa kutokea. Shida ni umeme. Povu lina maji, na nyaya zako sidhani kama zimekaa mbali na mashine. Zima umeme kwanza.

Kapripointi
Mimi napinga kuchanganya. Vijana wa karakana wanaingia na kutoka, leo huyu kesho yule. Moto ukiwaka hakuna atakayesoma maandishi. Aina moja, matumizi moja, kila mtu anaijua.

Samaki_Ilemela
Kapripointi ana hoja, wala tusiipuuze. Nilikuwa kwenye timu ya moto ya kiwanda cha minofu ya sangara, na siku ya mazoezi niliona mtu mzima, mwenye nguvu, akishindwa kuchomoa pini. Alikuwa anavuta huku amebana mpini kwa mkono mwingine. Ukibana mpini, pini inakazwa, haitoki hata uvute vipi. Mwachie mtungi usimame chini, zungusha pini mpaka kile kifungo cha plastiki kikatike, ndipo uvute. Kisha elekeza mdomo wa bomba kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto.

Kilo 6 za poda zinaisha ndani ya nusu dakika, mara nyingi kabla. Kwa hiyo usianze kupiga ukiwa mbali. Anzia kama mita 2 au 3, mlango uwe nyuma yako. Nje, upepo uwe mgongoni. Mchana huku kwetu upepo mwingi unatoka ziwani, hilo wafundishe. Mtungi ukiisha na moto upo, tokeni wote, piga 114 ya Zimamoto, mwambie mpokeaji jina la mtaa na alama inayoonekana barabarani.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtungi wa poda ukibanwa hata sekunde moja kwa kujaribu, upeleke ukajazwe. Chembe za poda zinabaki kwenye vali, presha inavuja kidogokidogo, baada ya siku chache ni chuma tupu ukutani.

Kuhusu kuchanganya: kila mtungi ukae pale kazi yake ilipo. Atakayekimbilia bodi ya umeme atakuta CO2 hapo, hana cha kuchagua.

Kapripointi
Hapo nimekubali. Ila msiifungie ofisini kwa kuogopa wezi. Nimeona mitungi mitatu mizuri nyuma ya kufuli, mwenye ufunguo kaenda Misungwi.

Randa_Nyakato
Wabeja sana, wote. Bosi nimemsomea majibu yenu, amekubali: poda miwili, mmoja kwa vanishi na mmoja kwa kuchomelea, povu kwa mashine ya kuranda, CO2 kwa bodi ya umeme. Blanketi la jikoni ananunua kwa hela nyingine. Maranda tunayatoa nje kila jioni, na anayechomelea anafagia kwanza.

Ule wa zamani fundi kautoa poda yote na presha, tunaufanyia mazoezi ya pini. Leo tumepita kumi na mmoja. Watano walibana mpini huku wakivuta, nami nikiwamo. Dada wa jikoni alichomoa mara ya kwanza.

Swali la mwisho: wa vanishi niutundike ndani ya chumba au nje?

Fundi_Igoma
Nje, pembeni ya mlango. Chumba kikiwaka huwezi kuingia kuuchukua.