Naomba ushauri: lori la dizeli linagoma kuwaka alfajiri ya baridi
Wakuu, habari zenu. Nina lori la tani 4, nabeba viazi kutoka Njombe. Tangu baridi ya Juni ianze, alfajiri linagoma. Betri ni mpya, stata inazunguka kwa nguvu, ila injini haishiki. Kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe unaochoma macho. Nikipiga kama mara sita linashika, linatetemeka dakika mbili, kisha linatulia. Mchana linawaka mara moja tu.

Fundi mmoja anasema plagi za hita (zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha) zimekufa, mwingine anataka kushusha pampu ya dizeli, na hiyo ni hela nyingi. Mimi nahisi ni plagi, maana moshi ule ni dizeli isiyoungua. Nazipimaje moja moja kabla sijanunua? Na kama ni hewa inaingia kwenye mpira wa dizeli usiku, nitaitambuaje? Keshokutwa nina mzigo wa Dar, nisaidieni.