Kokolithofori za Aktiki: mbona magamba hayaonekani?

Mchujaji: Ndugu wadau, ninachunguza maji ya Bahari ya Barents yaliyohifadhiwa kwa mmumunyo wa Lugol (wa iodini) wenye asidi, nikitafuta kokolithofori, yaani mwani wa seli moja unaojifunika magamba ya kalsiti, madini ya chokaa. Kwa hadubini ya mwanga naona seli za duara za maikromita 4 hadi 6, baadhi zikiwa na mijeledi miwili (nyuzi za kuogelea), lakini hata kwa mwanga uliopolaraishwa, ambao hufanya kalsiti ing'ae, siambulii gamba hata moja. Je, niandike kuwa hazimo?

Kalsiti: Usiandike hivyo, ndugu. Asidi hiyo huyeyusha kalsiti, kwa hiyo huenda ulichobakiziwa ni seli zilizovuliwa nguo. Pata maji mabichi, yachuje kwa kichujio cha polikaboneti chenye matundu ya maikromita 0.8 au madogo zaidi, suuza chumvi kwa maji yaliyotiwa amonia kidogo, kausha, kisha tumia hadubini ya elektroni. Mimi niliwahi kusuuza kwa maji yaliyosafishwa tu, nikaambulia magamba yaliyolika kingo kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Mjeledi: Naafiki, ila Lugol si mkosaji pekee. Magamba ya Emiliania huxleyi, kokolithofori wa kawaida, yenye upana wa maikromita 3 hivi, yangeng'aa kwenye mwanga uliopolaraishwa, ilhali yale ya Wigwamma, kokolithofori wa maji baridi, yenye vijiti vilivyoegemezana juu mithili ya hema, ni madogo na membamba mno kuonekana kwa njia hiyo hata yakiwa mazima. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea Irene Manton na wenzake, walipozieleza jamii hizi za Aktiki katika miaka ya 1970, walitegemea hadubini ya elektroni. Ukikuta seli moja yenye magamba ya aina mbili, usiharakishe kusema ni uchafu wa sampuli: seli za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba Turrisphaera na Papposphaera, kokolithofori zilizodhaniwa kuwa jenasi (makundi ya spishi) mbili, ni hatua za maisha ya kiumbe kilekile, jambo ambalo mtafiti Helge Thomsen na wenzake walilichapisha mwaka 1991.

Mchujaji: Nashukuruni sana. Basi, kabla ya kuomba zamu kwenye hadubini ya elektroni, je, nihesabu kwanza seli zinazong'aa nyekundu kwa klorofili, ili nijue kama kuna cha kutafuta?

Mjeledi: Hesabu hiyo itakupotosha, kwa sababu kadhaa kati ya jamii hizi za baridi zinaonekana hazina kloroplasti, yaani sehemu za seli zenye klorofili, kabisa, kwa hiyo hazitang'aa. Omba zamu.