Nimefuta video kwenye Moodle, nafasi ikapungua badala ya kuongezeka

mkufunzi_bio

Habari za jioni wadau.

Mimi ni mkufunzi wa Biolojia katika chuo cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini. Chuo kinatumia Moodle, mfumo wa kuweka masomo na kazi za wanachuo mtandaoni, tumekodi seva yenye nafasi ya GB 40. Aliyekuwa anausimamia mfumo alihamishwa Januari, na mkuu wa chuo akanikabidhi mimi neno la siri la msimamizi kwa kuwa ndiye ninayeutumia kila siku. Nafundisha, sijasomea kompyuta, kwa hiyo naomba mnieleze taratibu.

Mwezi wa tatu nilirekodi kwa simu jaribio la osmosisi, yaani maji kupenya kuelekea kwenye myeyusho mzito. Kiazi mviringo kimekatwa katikati, kimechimbwa shimo, ndani kuna myeyusho wa sukari, nje bakuli la maji, na pini nimeichomeka kwenye ukuta wa shimo kuonyesha myeyusho ulipoanzia. Dakika 12. Faili lilitoka na GB 1.5. Nililipakia kwenye kozi tatu, maana nina mikondo miwili ya mwaka wa kwanza na mmoja wa pili, na kila mkondo una kozi yake.

Jumatatu hii mwanachuo akipakia kazi anaambiwa seva imejaa. Nikasema basi, video hiyo hiyo iko mara tatu, nifute mbili. Nikafuta. Nikaenda kwenye ukurasa wa mwenye seva kuangalia, nikakuta nafasi iliyotumika imeongezeka kwa karibu GB 3. Nimeangalia mara mbili, ni kweli imeongezeka.

Na hata nafasi ikirudi, bado nina jambo linaloniuma zaidi. Wanachuo wangu sasa wako kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine Makete, wengine Ludewa vijijini kabisa. Mmoja wa Ludewa ameniandikia kwamba alinunua bando la MB 500 ili aitazame hiyo video kabla ya kufundisha kipindi chake, bando likakata akiwa dakika ya nne. Pini yenyewe inaanza kufunikwa dakika ya tisa. Yaani ametoa hela yake na hakuona kile nilichomwambia akitazame.

Nifanyeje? Niiweke YouTube niache kiungo tu? Na hizo GB zimetoka wapi?

fundi_wa_seva

Karibu sana mwalimu. Kabla ya yote: usiingie kwenye folda ya data ya Moodle kufuta kitu kwa mkono. Ndani yake kuna faili zenye majina ya herufi na tarakimu 40 zisizosomeka, na mtu akiziona kwa mara ya kwanza anadhani ni takataka. Ukifuta moja unaweza ukawa umefuta kazi ya mwanachuo.

Majina hayo ndiyo yanaeleza kilichokupata. Tangu toleo la 2.0, la Novemba 2010, Moodle hailipi faili jina ulilolipa wewe. Inalisoma lote, inapiga hesabu inayotoa alama 40, na alama hizo ndizo jina lake kwenye diski. Faili mbili zikiwa sawa sawia zinatoa alama zile zile, basi inatunza moja tu, na kila kozi inaandikiwa kwamba faili lake ni lile pale. Kwa hiyo video yako kwenye kozi tatu haikuchukua GB 4.5. Ilichukua 1.5. Kufuta mbili hakukuwa na cha kuokoa, ya tatu bado inaihitaji.

Kwa nini imeongezeka sasa. Ukifuta kitu ndani ya kozi, Moodle haikitupi hapo hapo. Inakifungasha kama bekapu (nakala ya akiba) ndogo na kukiweka kwenye pipa la taka la kozi, ili ukijuta ukirudishe. Kifurushi hicho kimebeba video nzima, lakini kwa kuwa ni kifurushi, alama zake 40 ni nyingine kabisa. Umefuta mbili, umepata vifurushi viwili vya GB 1.5. Hizo ndizo GB 3 zako. Kama hakuna aliyebadilisha mipangilio vitakaa siku 7 kisha vitaondoka vyenyewe. Kama huwezi kusubiri, ingia kila kozi, fungua pipa, futa humo.

Sasa nenda kwenye mipangilio ya bekapu za kujiendesha, uniambie mambo mawili: zinafanyika kila lini, na zinatunzwa ngapi kwa kila kozi.

mkufunzi_bio

Nimeangalia. Kila Jumapili usiku. Zinatunzwa 4. Ya mwisho ni ya Jumapili iliyopita.

fundi_wa_seva

Basi tumempata. Kila bekapu ya kozi inabeba faili zote za kozi hiyo. Kozi 3, bekapu 4 kila moja, video GB 1.5: ni GB 18. Ongeza 3 za kwenye mapipa na 1.5 ya video yenyewe. Video moja ya kiazi imekaa kwenye GB 22.5 kati ya 40 ulizonazo.

Habari njema ni kwamba bekapu zinatengenezwa na kroni, ile kazi inayojirudia yenyewe kwenye seva, na ndiyo hiyo hiyo inayosafisha faili ambazo hakuna tena anayezihitaji. Ya Jumapili ikiwepo maana yake kroni inafanya kazi, huna haja ya kugusa chochote upande huo.

Fanya kwa mpangilio huu. Pakua bekapu ya karibuni ya kila kozi uiweke kwenye diski ya nje, ufungue diski uhakikishe faili zimekaa. Kisha punguza idadi ya kutunzwa iwe 1. Halafu ingia kozi moja moja kwenye sehemu ya kurejesha, ufute zile za zamani, ni faili zinazoishia na mbz. Usiogope ukiona nafasi haijarudi dakika ile ile, faili zilizofutwa zinapita kwanza kwenye folda ya kusubiri na kroni ndiyo inazimaliza. Angalia kesho yake.

mwalimu_kilifi

Mwalimu mwenzangu, pole. Mimi nafundisha upande huu wa Kenya, mtandao wetu nje ya mji ni kama huo wa Makete.

Usihamie YouTube kwa ajili ya hao wa kijijini. Kiungo cha YouTube ndani ya kozi kinamlazimisha mtu awe na mtandao kila anapotazama. Faili likiwa ndani ya Moodle yenyewe, mwanachuo mwenye app ya Moodle kwenye simu analipakua mara moja akiwa mahali penye mtandao, kisha anatazama nyumbani bila data, hata mara kumi. Waonyeshe alama ya kupakua ndani ya app, wengi hawajawahi kuibonyeza.

Ila lisiwe la GB 1.5. Simu zetu zinarekodi kwa ubora wa kuonyeshwa kwenye televisheni kubwa, wakati mwanafunzi anatazama kwenye kioo cha inchi sita. Tumia HandBrake, ni programu ya bure ya kompyuta. Chagua kimo cha picha kiwe pikseli 480, sauti iwe ya njia moja, na uweke alama kwenye kile kisanduku cha kuitayarisha video kwa wavuti. Ukiacha kisanduku hicho, faharasa ya video inabaki mwishoni mwa faili, na simu nyingine inabidi ipakue kila kitu ndipo ianze kucheza. Dakika 12 za mkono na kiazi, visivyotikisika sana, zitashuka hadi MB 50 au 60.

Na kama kuna sehemu unaeleza tu bila kuonyesha kitu, itoe iwe sauti peke yake. Dakika 12 za sauti ya njia moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni chini ya MB 6.

Jambo lingine dogo. Usifute ya zamani ndipo uweke mpya. Fungua kuhariri faili lile lile, pakia mpya yenye jina lile lile, ukiulizwa ukubali kubadilisha. Viungo vyote ulivyokwisha kuwapa wanafunzi vinabaki vinafanya kazi.

fundi_wa_seva

Naunga mkono. Mwenye kuandika amri kwenye kompyuta, programu ya ffmpeg inafanya yote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i kiazi.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -preset slow -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart kiazi-480.mp4

Hiyo 28 ukiishusha picha inakuwa safi zaidi na faili linakuwa kubwa.

mkufunzi_bio

Nimerudi, siku tatu baadaye.

Bekapu nimezitoa, mapipa nimeyamwaga. Asubuhi iliyofuata nafasi iliyotumika ilikuwa imeshuka sana, na wanachuo wanapakia kazi kama kawaida. Asanteni mno, nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba fedha za kuongeza seva na nimeirudisha kwenye faili.

Video nimeipitisha HandBrake kwa 480, ikatoka MB 54. Nikafurahi. Kisha nikaifungua kwenye simu ya mwanangu, simu ndogo ya bei ya chini, ili nione wanachoona wao. Kiazi kinaonekana, bakuli linaonekana, sauti ni safi. Pini haionekani. Pale kwenye pini pamekuwa ukungu wa rangi ya kiazi, na myeyusho ukipanda huoni umepanda kutoka wapi.

Nikafungua ile ya GB 1.5 kwenye simu ile ile. Na humo pini inaonekana kwa shida, ukijua mahali pa kutazama. Kwa hiyo hata yule wa Ludewa angefika dakika ya tisa, asingeiona. Hilo limenikosesha raha kuliko suala la diski. Nirudi kwenye ubora wa juu au kuna namna?

mkufunzi_mstaafu

Mwanangu, usirudi kwenye ubora wa juu. Rudi kwenye kiazi.

Nimefundisha sayansi tangu enzi za chaki na chati za ukutani. Kwenye chati tulichora kitu kinachofundishwa kikubwa kuliko vyote, hata kama kwa kweli ni kidogo. Wewe umepiga meza nzima, na somo liko kwenye milimita chache za ukuta wa shimo. Sogeza simu karibu mpaka shimo la kiazi lijaze kioo. Pini iwe yenye kichwa cha rangi, nyekundu ni nzuri juu ya nyama ya kiazi. Myeyusho utie tone la wino au rangi ya chakula, maana sukari na maji vyote havina rangi na jicho halina pa kushika. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni.

Na huhitaji dakika 12 za kusubiri. Piga picha mnato ya mwanzo na ya mwisho kutoka sehemu moja, uziweke pamoja juu ya ukurasa wa somo. Mwenye bando dogo kabisa atafungua hizo mbili na atakuwa ameona osmosisi.

mwalimu_kilifi

Mzee amesema kweli. Picha nazo zipunguze kabla ya kupakia. Picha ya simu inakuja na MB 3 hadi 5, ukiipunguza upana uwe pikseli 1280 inabaki kilobaiti mia mbili hivi.

mkufunzi_bio

Shikamoo mzee, na asante.

Nilirekodi upya wiki iliyopita saa nne asubuhi kwenye dirisha la maabara, kiazi kipya kutoka sokoni, simu nimeiegemeza kwenye vitabu ili isitikisike. Pini ya kichwa chekundu, myeyusho wenye wino wa buluu. Nimerekodi mwanzo na mwisho tu, katikati nimekata. Imekuwa dakika 3 na sekunde 40, MB 15 kwa 480. Kwenye simu ya mwanangu kile kichwa chekundu kinaonekana kinavyozama polepole chini ya buluu, huhitaji kuelekezwa. Picha mbili ziko juu ya ukurasa, zote pamoja hazifiki nusu MB.

Yule wa Ludewa nilimtumia ujumbe apakue Jumamosi akienda mnadani, ambako mtandao unashika. Amenijibu kwamba ameipakua na ameitumia kipindi cha jana, wanafunzi wake wakazunguka simu moja. Kisha wakachimba viazi vyao wenyewe.

Kwenye mipangilio ya kila kozi nimeweka kikomo cha ukubwa wa faili, MB 50. Leo mkufunzi wa Jiografia amekuja ofisini na video ya MB 800 ya korongo la mmomonyoko, mfumo umemkatalia. Tumekaa pamoja tunaipunguza, na tumeanza kwa kuulizana wanafunzi waangalie wapi kwenye hilo korongo.