Je, jaji ana haki ya kupangua agizo la serikali kuhusu wakimbizi?

Mleta mada:
Wakuu, jana kwenye matatu nimebishana na jirani yangu wa kiti mpaka nikapitilizwa. Yeye anasema jaji asiyepigiwa kura hapaswi kugusa uamuzi wa serikali kuhusu wakimbizi. Mimi nasema bila jaji hakuna wa kumuuliza waziri "kwa nini?"

Kumbukeni Desemba 2012. Baada ya maguruneti ya Eastleigh, Nairobi, wakimbizi wote wa mijini hapa Kenya waliagizwa wafungashe waende kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja akalifuta agizo hilo. Hakusema serikali isiwalinde watu wake. Alitaka ionyeshe kumhamisha mtu aliyekaa mjini kihalali kutazuiaje guruneti, nayo haikuonyesha. Februari 2017 Jaji John Mativo naye akazuia kufungwa kwa Dadaab, akisema Wasomali wanabaguliwa. Sasa nani alikosea hapo?

Mchangiaji wa Garissa:
Unaongea kama mtu ambaye hajazika. Aprili 2, 2015 magaidi wa al-Shabaab walituulia watu 148 hapa Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali ikikosea tunaing'oa kwa kura. Jaji akikosea anarudi kwake, askari yuko getini.

Mleta mada:
Pole, ndugu yangu, na sisemi kwa mdomo tu. Lakini mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu. Agizo la kufagia wakimbizi lingemkamata vipi?

Mchangiaji wakili:
Nyote mnampa jaji ukubwa asio nao. Katika kesi za namna hii, za mahakama kupitia uamuzi wa serikali, hatoi hifadhi kwa mtu. Anatazama njia iliyopitwa: mhusika alisikilizwa? Alipewa sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka? Sheria ilifuatwa? Vikikosekana, uamuzi unafutwa, na mara nyingi faili inarudi kule kule ilikotoka.

Wala msidhani majaji wako mfukoni mwa wakimbizi. Majanja huyo huyo, mwaka 2014, alikataa ombi la kupinga agizo jingine la kuwarudisha kambini, wakati msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch umejaza watu uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi. Mbona hiyo haitajwi kwenye matatu?

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Kesi mnazozitaja ni za maagizo ya jumla, zenye mashirika nyuma yake. Mtu mmoja aliyekataliwa ombi lake ana njia pia chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021: kwanza Kamati ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu. Kwenye karatasi ni njia nzuri. Sasa mpe mama aliye Kakuma barua ya kukataliwa, kwa lugha asiyoisoma, siku zinahesabika, hana wakili, na hata kutoka kambini anahitaji kibali. Atamfikia jaji lini?

Mchangiaji wa Garissa:
Hapo kwa huyo mama nakubali. Mtu asikataliwe bila kuelezwa, hata mwizi hupewa hati ya mashtaka. Lakini Dadaab ni jambo jingine, na hilo hatujamalizana.

Mleta mada:
Hatujamalizana. Wakili, hebu tueleze kwanza: hiyo Kamati ya Rufaa, mkimbizi anaruhusiwa kuingia na mkalimani wake mwenyewe?