Kuiacha nyumba salama tukisafiri Desemba

Swali: Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi Kimara, na shule zikifungwa tutakwenda Moshi na watoto kwa majuma mawili, ilhali mimi nitakuwa kazini hadi siku moja kabla ya safari. Nianze na lipi? Friji hasa linanitia wasiwasi.

Jibu: Pole na majukumu, dada yangu. Juma la mwisho msinunue kitoweo cha akiba. Malizeni kilichomo, kisha lizime friji, ulipanguse likauke na uuache mlango wazi kidogo, kwani likifungwa na unyevu huota ukungu, na joto la Dar mwezi huo ni kali mno. Ukiliacha likiwaka, uniti za umeme wa LUKU zikiisha samaki wataoza.

Jibu: Naunga mkono. Funga pia koki kuu ya maji na mtungi wa gesi, na umjulishe mjumbe wa shina. Tiketi za basi kateni mapema sana, maana Desemba watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kwa wingi.

Muulizaji: Nashukuru mno. Ufunguo nitamwachia mama mwenye nyumba.