Kabati na meza ya kale chumbani Tabora: ni mbao gani, na ipigwe msasa au iachwe?

Binti_Kaliua
Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora kikazi, nimefikia hoteli moja kongwe karibu na stesheni, jengo la enzi za Mjerumani, veranda pana na dari la juu. Nilipofungua chumba, begi nililitua pale pale mlangoni nikaenda moja kwa moja kwenye kabati. Lina milango miwili na kioo kirefu kilichoota madoa meusi pembeni, na kitasa cha shaba bado kinapokea ufunguo. Kitanda nacho ni kizito, tendegu zake za kuchonga. Lakini kilichonishika ni meza ya kuandikia.

Nilichomoa droo moja nikaigeuza. Chini haikupigwa randa, alama za msumeno bado zinaonekana, zimenyooka ila nafasi zake hazilingani. Kwenye pembe mbao mbili zimeumana kwa meno yaliyopanuka nchani kama mkia wa mbayuwayu, jino moja nene, la pili jembamba. Na kando ya meno kuna mstari mwembamba uliokwaruzwa kwa ncha kali, alama aliyojiwekea fundi kabla ya kukata. Niliupitishia kidole mara nyingi. Mikono ya mtu ilipita hapa, na droo inateleza mpaka leo bila kukwama.

Sasa mhudumu kaniambia samani zote zitapigwa msasa kisha vanishi mpya ya kung'aa. Roho imeniuma sana. Wajuzi naomba msaada: rangi ni hudhurungi ya dhahabu yenye michirizi myekundu iliyokolea. Ni mbao gani? Umri wake naujuaje? Na meneja nimweleze nini?

Fundi_Ng'ambo
Dada, kwa maelezo yako hiyo ni mninga. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu, wengine hudhani ni damu. Sifa yake kubwa kwetu mafundi ni kwamba ikishakauka haisinyai wala kuvimba sana, ndiyo maana droo haikwami masika wala kiangazi. Mbao nyingine ungeipiga mateke mwezi wa tatu.

Umri tazama skrubu za bawaba. Zenye mfereji mmoja ni za tangu zamani, japo hadi leo zinauzwa, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukizikuta, ama samani ni ya baadaye, ama kuna fundi alishaifungua kuirekebisha. Hapo angalia kama kuna matundu ya zamani yaliyozibwa.

Halafu zunguka nyuma ya kabati. Kiini cha mninga mchwa hawakiwezi kirahisi, ila ile mbao nyeupe ya nje bungua wanaila. Vitundu vikavu si tatizo. Ukiona unga mpya sakafuni, hao bado wamo.

Mzee_wa_Ujiji
Binti, nyumba ikiwa ya Mjerumani haina maana kabati ni la Mjerumani. Reli ilifika Tabora 1912, huku kwetu Kigoma 1914, na treni hiyo ilileta vitu vizito kweli kweli: hata meli ya Liemba ilikuja vipande vipande ndani ya makasha ikaunganishwa hapa. Lakini Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora, kisha akaja Mwingereza akakaa miaka mingi. Na mninga ni mti wa miombo ya hukohuko. Mimi ningesema meza hiyo imetengenezwa na seremala wa nchi hii, na kwangu hilo linaipandisha thamani kuliko ingetoka Hamburg.

Asali_Sikonge
Msasa usiruhusiwe! Ile rangi imekolea juu juu tu kwa mwanga na mikono ya watu, ukiikwangua utabaki na mbao mpya yenye umbo la zamani. Mwambie meneja wajaribu kwanza mahali pasipoonekana: kitambaa chenye spiriti kidogo. Pakilainika na kunata, hiyo ni polishi ya kale, inafufuliwa bila kuvuliwa.

Baada ya hapo nta ya nyuki, na Tabora nta ndiyo kwao. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe. Ikiyeyuka, toa nje mbali na jiko, ongeza tapentaini, kisha iache ipoe mpaka iwe laini kama siagi. Paka nyembamba, subiri, sugua kwa kitambaa kikavu.

Binti_Kaliua
Shikamoo Mzee wa Ujiji, na asanteni wote. Skrubu zote zina mfereji mmoja, na ule wa bawaba ya juu umekaa upande kidogo. Unga hakuna. Nimekaa na meneja, amesikiliza vizuri, ameahidi kuanza na nta kwenye ubavu wa kabati unaotazama ukuta kabla ya kuamua. Fundi, nikitaka meza kama ile, yenye meno yale yale, utanifanyia?

Fundi_Ng'ambo
Nitafanya, kwa mkono. Ila mninga nanunua yenye kibali na risiti tu, tena iliyokauka sawasawa, kwa hiyo usinipe haraka. Nipigie picha ile pembe ya droo kwa karibu, na uweke rula pembeni.